Aliyekatazwa Kuvuka Kizingiti

Mwanamke mmoja, jina lake Nyamizi, alikuwa na kazi ya kuwatembelea wagonjwa wa akili majumbani mwao. Zahanati ndiyo iliyomtuma, naye akaenda kwa baiskeli kutoka kijiji hadi kijiji. Hakupeleka vidonge tu. Alikaa nao, akala kiazi walichompa, akawasikiliza mpaka wamalize.

Miongoni mwao alikuwamo kijana aitwaye Maganga. Huyu alisikia sauti zikimwambia kwamba yeye ni sumu, na kwamba kila mtu anamkimbia. Ilimchukua Nyamizi muda mrefu kumfanya aamini kuwa sauti zile ni ugonjwa. Alikuwa na ushahidi mmoja tu: kila wiki aliingia ndani, akaketi naye mkeka mmoja, akamshika mkono.

Kisha likaingia gonjwa la kuambukiza, watu wakaanza kufa. Mkuu wa zahanati akaagiza kwamba mhudumu asiingie nyumba ya mtu. Asimame nje, aite, aweke dawa chini, aondoke. Agizo lilikuwa la haki. Nyamizi mwenyewe alikuwa anaishi na baba yake mzee, mwenye kifua kibovu, na hakutaka kumpelekea mauti.

Basi akasimama uani, barakoa usoni. Maganga alimtazama kutoka mlangoni, akarudi ndani. Vidonge vikabaki palepale chini. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Safari nyingine alitoka mama yake Maganga, Kalunde, akamwambia Nyamizi kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, ukisimama huko, anaona kuwa anayoambiwa ni kweli."

Nyamizi alijua kwamba ndivyo ilivyo. Alipiga hatua kuelekea mlangoni, akamkumbuka baba yake, akageuka na kuichukua baiskeli.

Haukupita muda Maganga akatoroka nyumbani, ili asiwaue wenzake kwa sumu yake, akajificha porini. Walipompata, mguu wake mmoja ulikuwa umeoza kwa jeraha, ikabidi ukatwe.

Mkuu wa zahanati alimwita Nyamizi, akamwambia kwamba ametii agizo, kwamba baba yake yu mzima na vijiji alivyopita havikuambukizwa naye, na kwa hiyo asijilaumu, hana kosa.

"Najua sina kosa, mkuu," Nyamizi akajibu. "Kosa ningeliombea msamaha. Hiki nilicho nacho nikipeleke wapi?"

Mkuu akampa barakoa mpya na dawa za wiki ile, na Nyamizi akaenda, kwa sababu wagonjwa wengine walikuwa wanamngoja.

Ninyi mnaomtuma mtu kwa wenye shida kisha mkamkataza kuingia, na pengine mna haki ya kumkataza, mmewahi kwenda nyumbani kwake kuuliza analalaje?