Zimwi Lenye Adabu na Kitumbua cha Bi Mwanasiti

Sogeeni, nina ngano! Asiyeitikia na aliwe yeye!

Hapo kale zimwi lilimvamia Bi Mwanasiti, mpika vitumbua. "Leo kitoweo changu ni wewe!"

"Karibu, mgeni. Kwanza kula hiki kitumbua. Ukikimaliza, unile na mimi. Ila mgeni mwenye adabu hafuti sahani. Kila ukila, nibakizie nusu."

Zimwi likacheka hadi likapaliwa. "Nusu, nusu, nusu, kitaisha tu!"

"Nusu ikiliwa, hubaki nini?"

"Nusu."

"Basi kitaishaje?"

"Aa, wewe subiri!"

Likala nusu. Likala nusu ya nusu. Likala nusu ya nusu ya nusu, hata likawa linaigawa chembe kwa ukucha. Mara akatokea sisimizi, akaibeba chembe, huyoo, shimoni!

"Kimekwisha!" zimwi likanguruma, kinywa wazi.

"Umekimaliza wewe?"

Zimwi likafikiri, likaona haya, likapiga magoti penye shimo. Hadi leo lipo pale, linabembeleza: "Sisimizi mwanangu, nirudishie nusu tu!"

Nami ngano nimewapa nusu. Nusu nyingine kaondoka nayo sisimizi.