Mtamba wa Bibi Nanzia

Sogeeni, ila kila mtu akae na kichwa chake. Sitaki anayemnong'oneza mwenzake jibu, maana jibu lenyewe hata mimi sijaliona.

Kwetu milimani Upareni, ambako kuku akivuka mpaka wa jirani huwa kesi, palikuwa na mwalimu wa jiografia aitwaye Nakijwa. Huyu hakuamini kitu. Hata chai ya mama yake mzazi aliinusa kwanza. Kidato cha tatu alikuwa na wanafunzi watatu wenye vipaji. Mbonea alijua kutunza: ukimkabidhi kitu, hakipotei wala hakivunjiki. Namkunda alijua kupima: husoma kilichopo, haongezi wala hapunguzi. Eliamini alijua kusema, na ulimi wake ungeweza kumtoa mbuzi kwenye mahindi.

Nakijwa aliwafundisha habari za tabianchi. Mvua imebadilika, aliwaambia. Ile iliyokuwa ikigawanyika mwezi mzima sasa huweza kumwagika mara moja, na udongo wa mlimani ukishiba maji huporomoka. Akaweka kipima mvua katikati ya uwanja, mbali na kuta na miti, akakichorea mstari mwekundu kwa makadirio yake mwenyewe. "Maji yakivuka hapa," alisema, "walio chini ya mteremko wahame siku hiyohiyo." Chini kabisa ya mteremko alikaa Bibi Nanzia na wajukuu zake.

Mbonea ndiye aliyekabidhiwa kile chombo. Alipoona mpira wa wenzake unakipitia karibu kila jioni, roho haikutulia. Basi bila kumwambia mtu, akawa anakihamishia nyuma ya jiko la shule jua likizama, na asubuhi anakirudisha mahali pake. Hakuangalia juu, kwenye ukingo wa bati la jiko, yanakochuruzikia maji ya paa. Usiku mmoja mvua ikanyesha.

Asubuhi Namkunda akaenda kupima kama kawaida. Maji yalikuwa yameuvuka mstari.

"Nani kakijaza?" Nakijwa aliuliza.

"Sijui, Madam. Mimi nimesoma maji yaliyomo."

Nakijwa akazikagua nyuso za darasa zima, akimtafuta anayebana kicheko. Aliwahi kuchezewa, hakutaka kwenda kuwahamisha watu kwa maji ya kunawia. Akasema hatoki mtu mpaka mwenye utundu wake ajitaje.

Eliamini akaomba ruhusa ya kwenda chooni, akateremka mbio hadi kwa Bibi Nanzia, akamkuta anachambua maharage, akamwambia maji ya kipimo yamevuka mstari.

"Chombo cha shule ndicho kinihamishe mimi?" bibi alisema.

"Si chombo, bibi. Madam Nakijwa mwenyewe kanituma."

Madam hakuwa amemtuma mtu. Lakini bibi alimjua mwalimu yule tangu utoto wake. Akaweka ungo chini. "Kama Nakijwa naye ameamini, basi hapa pana jambo." Akakusanya wajukuu na ng'ombe, wakapanda kanisani. Kabla ya adhuhuri mteremko ukashuka ukaifukia nyumba.

Kijiji kikashangilia, Nakijwa akaendelea kushuku. Uwanjani palikuwa na debe lililosahauliwa, limekinga mvua ileile bila bati wala mti juu yake. Akatia rula ndani. Maji ya debe hayakufika hata kwenye kimo cha mstari wake. Akapima tena, ikawa ileile. Kumbe mlima haukuusubiri mstari ule. Kama kipima mvua kingeonyesha maji ya debe lile, Namkunda angesema hakuna hatari, na bibi angekufa akichambua maharage. Nakijwa aliogopa, na hofu yenyewe ilikuwa na aibu ndani yake.

Bibi Nanzia akaja shuleni na mtamba mwekundu, na nusu ya kijiji nyuma yake. "Huyu ni wa mtoto aliyetuokoa. Ni mmoja, hagawanywi, hauzwi."

Mbonea akawa wa kwanza kumvuta Nakijwa pembeni. "Madam, nisingekihamishia nyuma ya jiko, chini ya bati, maji yasingevuka mstari." Nakijwa akamtazama sana. Watu hukiri kosa kwa woga. Huyu amekiri kwa sababu ya ng'ombe.

"Nisingesoma nilichokiona, msingejua lolote," alisema Namkunda, aliyewafuata pamoja na Eliamini akasikia. "Na katika sisi watatu, ni mimi tu ambaye sikukosea wala sikudanganya." Kweli tupu, Nakijwa aliwaza, lakini kweli iliyosomwa kwenye maji ya bati.

"Nisingeteremka, mngebaki mnakaguana nyuso," alisema Eliamini. Na alipoteremka alitumia jina lisilo lake. Kesho atalitumia kwa lipi?

Nakijwa akawageukia watu. Wengi wao bado walikuwa na nyumba mteremkoni. Akieleza habari ya bati, mvua ijayo watakicheka kipima mvua na kubaki majumbani. Akinyamaza, watauamini mstari uliokosea. Upande wa magharibi wingu lilikuwa limeanza kukusanyika.

"Amua, mwalimu," bibi alisema, akimnyooshea kamba ya mtamba. "Sisi sote tunakuamini wewe."

Basi nami kamba hiyo nawanyooshea nyinyi. Mtunzaji aliyekosea, mpimaji aliyesema kweli, au msemaji aliyedanganya: mtamba ni wa nani? Na wewe uliyejificha kule nyuma, ungekuwa Nakijwa, ungewaambia nini watu wale kabla mvua haijaanza?