Mtoto wa Nyumba ya Kumi na Nane

Nimelala nalo, nimeamka nalo, na mpaka leo limenishinda: wajukuu watatu, nyumba moja, na mstari mmoja tu wa kuandika jina. Nawaletea ninyi mnaonisikiliza, wakubwa kwa wadogo. Huenda mtaona mahali ambapo mimi sikuona.

Bibi Filomena Nandonde ana wajukuu watatu. Rosalia ana macho: akianza kusoma kitu hakiachi mpaka kiishe, hata kiwe kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi. Teofili ni kinyozi, naye ana masikio: mtu akikaa kwenye kiti chake humwambia ambayo hajamwambia mkewe. Kasiani ana miguu: hupeleka mikate kwa baiskeli katika vijiji kumi na viwili, na hakuna kijiji kilichowahi kulala bila mkate kwa sababu yake.

Bibi anaishi katika kambi ya zamani ya wakata mkonge, nyumba ya vyumba viwili. Baba yake alivuka Mto Ruvuma akitoka Msumbiji, akakata mkonge katika shamba lile mpaka mgongo ukapinda. Shamba lilipokufa, halmashauri ilitangaza kwamba kila familia iliyoandikwa kambini katika hesabu ya watu ya kabla ya uhuru itapewa hati ya nyumba yake. Isiyoandikwa itahama. Mwisho wa kuthibitisha ulikuwa Ijumaa ya tatu baada ya tangazo.

Bibi akawaita wajukuu.

"Nimezaliwa humu, na sihami. Atakayenionyesha kwenye vitabu vile, huyo ndiye mrithi wa nyumba hii."

"Na tukikuonyesha wote?" akauliza Teofili.

"Mnagawana nyama, na ng'ombe bado yuko porini. Ondokeni."

Rosalia alikwenda mjini, kwenye chumba kinachohifadhi vitabu vya hesabu ile. Vitabu havikupangwa kwa majina. Vilifuata njia aliyopita karani wa wakati ule, mlango kwa mlango, na wino wake ulikuwa umefifia kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya tatu. Hairuhusiwi kupiga picha. Unanakili kwa penseli. Mtunza vitabu alikuwa akimkuta mlangoni kila asubuhi.

"Dada, hata leo?"

"Hata kesho."

Kwa siku kumi na moja alinakili nyumba zote za kambi ile, moja baada ya nyingine, daftari mbili zikajaa. Hakumwona Nandonde popote. Alirudi macho mekundu, akaweka daftari mezani, akasema, "Yumo humu. Sijui tu anaitwa nani."

Teofili hakwenda mjini. Alichukua mashine yake na wembe, akapita kwenye nyumba za wazee waliowahi kukata mkonge, akiwanyoa bure. Wa saba alikuwa Mzee Mchopa, ambaye kila alipoulizwa habari za Nandonde, baba yake Bibi, alikohoa.

"Mzee wangu, unakohoa au unaficha?"

"Jambo lile lilikuwa la kufungwa."

"Serikali iliyotaka kuwafunga ilishakufa."

"Serikali hufa, mjukuu wangu. Jela haifi."

Teofili alimnyoa, akamkanda shingo. Wakati wa kufuta ndevu, mzee akayasema mwenyewe. Zamani hukuweza kufanya kazi shambani bila kipande, ile kadi ya kazi yenye jina lako na siku zako. Nandonde alisafiri na rafiki yake aitwaye Anselmi Nchia, ambaye alikuwa ameshaandikishwa. Anselmi alikufa kwa homa njiani. Nandonde, ambaye hakuwa na kadi, alimzika, akachukua kipande chake, na kambini akawa Anselmi Nchia mpaka alipostaafu. Nyumbani tu ndiko alikokuwa Nandonde.

Rosalia alifungua daftari ya pili. Nyumba ya kumi na saba: Anselmi Nchia, mkewe, na watoto wawili wa kiume.

Wakaruka, wakakumbatiana, wakamkimbilia karani wa ardhi pamoja na Mzee Mchopa kama shahidi. Karani alisoma, akamsikiliza mzee, akavua miwani.

"Nyumba nimeiona. Kaka zake bibi, ambao ni marehemu, nimewaona. Bibi mwenyewe simwoni. Wakati ule alikuwa na umri gani?"

"Miaka minne," akasema Rosalia.

"Basi mtoto wa miaka minne alikuwa wapi?"

Ilikuwa Jumatano ya wiki ya tatu.

Bibi alipoambiwa hakulia. Alisema kwamba aliyebaki hai kati ya waliokua naye ukuta kwa ukuta ni Asumini, binti wa nyumba ya kumi na nane, aliyeolewa ng'ambo ya milima. Kasiani alishika baiskeli kabla Bibi hajamaliza. Mvua ilikuwa imechukua daraja, akabeba baiskeli begani, akavuka maji yakimfika kifuani. Akaulizia katika vijiji vitatu, akampata Alhamisi akichambua kunde.

"Filomena yuko hai?" Bi. Asumini akashangaa. "Nami nilidhani nimebaki peke yangu kuringa! Ngoja nichukue khanga."

Ijumaa walirudi kwa njia ndefu, Bi. Asumini amekaa nyuma ya baiskeli.

"Polepole, we kijana! Mimi si tenga la mikate."

Mbele ya karani Bi. Asumini alisimama wima. "Mama yake Filomena aliamini watoto wakihesabiwa wote mlango mmoja, mwaka hauishi bila wao kupungua. Siku ile ya hesabu alimtupa Filomena kwetu, akamketisha kati yangu na wadogo zangu. Sisi tulikuwa watatu. Tazama kitabuni tuko wangapi."

Rosalia alikuwa ameshafika ukurasa huo. Nyumba ya kumi na nane: watoto wanne, wa nne Filomena, msichana, miaka minne.

Karani akagonga muhuri. Kisha akatoa fomu. "Mrithi," akasema. "Jina moja tu."

Hapo ndipo waliponiita mimi, jirani yao niliyekuja pale pamoja na Bibi, niamue.

Rosalia akasema, "Bila daftari zangu, majina yenu yangekuwa hadithi za kinyozi."

Teofili akasema, "Bila jina nililolileta mimi, daftari zako zingefungiwa maandazi."

Kasiani alikuwa bado anakwangua tope kwenye kiatu. "Ninyi mlipata nyumba," akasema. "Bibi mwenyewe kaonekana kwa miguu yangu."

Niliwasikiliza mpaka karani akatazama saa. Kila aliposema mmoja nilimwona ana haki, na sikuweza kumnyang'anya. Nikakiri kwamba nimeshindwa.

Bibi Filomena akaamua fomu iingie bila jina la mrithi, kwa kuwa karani alimpa siku tisini za kulijaza. Hakumtuma yeyote kati ya wale watatu. Aliweka dole gumba kwenye wino, akaligandamiza chini ya ukurasa, akajikokota na fimbo yake mpaka dirisha la kupokelea, akaikabidhi fomu kwa mkono wake.

Siku zinahesabika, na mstari uko mtupu. Je, wewe ungeandika jina la nani?