Kijiko Nyuma ya Ukuta

Ting, ting, ting. Sauti hiyo mwaijua, wajukuu wangu. Ni kijiko ndani ya kikombe kabla hakujapambazuka, wakati aliyeamka wa kwanza nyumbani anakoroga chai. Iwekeni masikioni, maana hadithi yote imo humo.

Jana mlilisifu gari jipya la yule bwana wa ng'ambo ya barabara, mkasema huyo hana shida hapa duniani. Shangazi yenu Sidi akawajibu, "Mlio wa kijiko si sukari." Mkacheka, mkadhani ni maneno yake tu ya kuwafunga midomo. Leo mmekuja kuniuliza yalikotoka. Basi kaeni. Methali hii haikutoka kwa wafalme wala kwa wanyama wa porini. Ilitoka kwa wanawake wawili na ukuta mmoja.

Katika mji mdogo wa pwani, uliokuwa ukila kwa hoteli za watalii, palijengwa mtaa wa nyumba pacha. Kila nyumba mbili zilishikana ubavu kwa ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba hata wa huku akikohoa, wa kule humpa pole. Zilikuwa nyumba za mkopo. Unaingia leo, unailipa benki kila mwezi kwa miaka kumi na mitano, ndipo hati inaandikwa jina lako.

Upande mmoja alikaa Mbeyu, mama wa Kache, na mumewe Kahindi, mwoka mikate wa hoteli. Upande wa pili alikaa Wakesho, mama wa Mghoi, mwanamke wa Kitaita aliyekuwa akicheka kwa mwili mzima, na mumewe Mwakio, dereva wa kupeleka watalii mbugani Tsavo. Wanaume hao walikuwa watu wa kutoka mapema. Kila alfajiri Mbeyu alikoroga chai ya Kahindi, na akimaliza alikigonga kijiko kwenye ukingo wa kikombe mara mbili. Ting, ting. Kule nyuma ya ukuta Wakesho alijibu, ting, ting. Hawakuwahi kupatana kufanya hivyo. Ilianza kama mzaha, ikawa salamu. Maana yake ilikuwa: nimeamka, tu wazima, na kwetu chai ipo.

Kisha ukaja mwaka mbaya. Uchumi uliporomoka, watalii wakakauka kama maji ya kisima cha kiangazi. Hoteli ya kina Kahindi ilifunga vyumba vya juu, kisha vya chini, kisha lango. Wafanyakazi waliambiwa wakae nyumbani mpaka watakapoitwa, na hakuna aliyeitwa. Mwezi huohuo ilifika barua ya benki. Riba imepanda, ilisema, kwa hiyo malipo ya kila mwezi yamepanda pia.

Kahindi aliisoma mara mbili. "Mke wangu," akasema, "hebu nitazamie huko nyuma. Nyumba imezaa chumba?"

"Chumba gani tena?"

"Basi sielewi. Vyumba ni vilevile, bati ni lilelile, na miaka minne tumelipa. Mbona bei yake inakwenda juu?"

Mkataba waliutia sahihi wenyewe, na maneno ya riba yalikuwa mle ndani, kwa herufi ndogo.

Wakaanza kuuza vitu. Kilitangulia cherehani. Asubuhi kilipopakiwa kwenye mkokoteni, Wakesho alikuwa uani anaanika nguo.

"Mama Kache, cherehani chaenda wapi?"

"Kwa fundi. Kinaruka mishono."

"Ala! Hata redio yetu iko kwa fundi."

Wiki ya pili ilitoka friji, wiki ya tatu kabati la vyombo. Kwa kina Wakesho vilitoka viti, kisha meza. Vyote vilikuwa vinakwenda kwa fundi. "Fundi huyo akimaliza," alisema Wakesho, "mwambie anitengenezee na magoti yangu." Wakacheka wote wawili, wakacheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili, na kila mmoja akaingia kwake akafunga mlango.

Mbeyu alikuwa ameapa kwamba jirani asijue. Si kwa kiburi kibaya. Alilelewa nyumba ambayo mama yake, wakikosa mboga, alibandika sufuria ya maji ili moshi uonekane. Alifundishwa kwamba njaa ya mtu ni siri ya ndani kama nguo ya ndani. Kwa hiyo sukari ilipokwisha, aliendelea kukoroga. Kahindi alimtazama mkewe akizungusha kijiko ndani ya chai tupu, mara tatu, mara nne, na kukigonga. Ting, ting. Nyuma ya ukuta kukajibiwa, ting, ting.

"Unakoroga nini?" aliuliza Kahindi siku ya kwanza.

"Kunywa, baba Kache. Itapoa."

Hakuuliza tena. Aliinywa chai ile, akashukuru kama aliyepewa asali. Hilo nalo lilikuwa jambo jema, na Mbeyu hakulisahau. Tena hakumsahau muuza duka ambaye kila alipompimia majani ya chai ya senti chache aliongeza kidogo juu, akageuza uso ili asishukuriwe.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo alipokosea. Baraza la mbele lilikuwa moja kwa nyumba zote mbili, na Mbeyu ndiye aliyekuwa akilifagia. Mwakio alikuwa bado anatoka kila asubuhi na shati lake la udereva lililopigwa pasi. Jioni alirudi akakung'uta viatu barazani. Vumbi la Tsavo ni jekundu, kila mtu wa pwani analijua. Vumbi alilolifagia Mbeyu miezi ile lilikuwa jeupe. Jeupe kama la machimbo ya mawe, kule wanakochonga matofali ya kujengea kwa shoka na jasho. Mbeyu aliliona, akalizoa, akalitupa. Macho yalimwambia jambo, lakini masikio yalikuwa yamesikia kijiko alfajiri, akayaamini masikio.

Benki ilitoa onyo la kwanza, kisha la pili. Hapo ndipo Mbeyu alipopata wazo. Mwalimu Randu, mwalimu mkuu mpya wa shule ya mtaani, alikuwa akitafuta nyumba nzima ya kupanga na alikuwa tayari kulipa miezi sita mbele. Mbeyu akapiga hesabu kichwani. Tumpe mwalimu nyumba yetu. Sisi tuwaombe kina Wakesho chumba kimoja, tule sufuria moja. Kodi ya mwalimu italipa benki, na mikate ya Kahindi tukiiuza tutawasaidia na wao. Paa moja litaokoa nyumba.

Alipomwambia Kahindi, mumewe akasema, "Mwendee. Kuomba hakuvunji mguu."

Siku iliyofuata aliamka mapema kuliko kawaida. Hakukoroga chai. Alizunguka uani mpaka mlango wa jikoni wa Wakesho, maneno yakiwa tayari mdomoni. Aliinua mkono apige hodi. Hapohapo akasikia kijiko. Kilikoroga taratibu, kwa muda mrefu, kama cha mtu aliyetia vijiko vitatu vilivyojaa.

Mkono ukabaki hewani. Mtu mwenye sukari kiasi hiki, aliwaza, mume yuko kazini, watoto wameshiba, mimi nije nimwagie shida zangu sakafuni? Nimwambie nini kuhusu cherehani? Nimwambie nini kuhusu friji? Akashusha mkono, akarudi kwake kwa ncha za vidole.

"Vipi?" aliuliza Kahindi.

"Wana wageni," alisema Mbeyu.

Mwisho wa mwezi Mwalimu Randu akapata nyumba mtaa wa pili.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, Mbeyu alimwona bwana mmoja mwenye mkoba amesimama ng'ambo ya barabara na kopo la gundi mkononi. Alisimama pale kitambo kirefu bila kusogea. Baadaye walikuja kuelewa kwamba alikuwa akingoja watoto waende shule. Mbeyu alijua amekuja kufanya nini. Alivaa leso yake safi, akatoka, akasimama mlangoni mwake ili apokee aibu yake kwa miguu yake mwenyewe.

Yule bwana alivuka barabara, akamwamkia, akampita. Akaenda mlango wa pili, akapaka gundi, akabandika karatasi. Nyumba hii itauzwa kwa mnada.

"Umekosea mlango," Mbeyu alisema. "Baba, umekosea. Ni hapa."

Bwana yule alitazama karatasi zake. "Jina ni Mwakio, mama. Sijakosea. Niwieni radhi, nimetumwa tu."

Mlango ukafunguliwa. Wakesho alitoka na kikombe mkononi, akaisoma karatasi, akaketi kwenye kizingiti kama mtu aliyefika mwisho wa safari. Mbeyu alikwenda akaketi karibu naye.

"Mama Mghoi, haiwezekani. Mumeo yuko kazini."

"Kazi gani, Mama Kache? Miezi minane Mwakio anachonga mawe. Shati analivua akifika machimboni, analivaa tena akirudi. Kwani hukuona viatu vyake? Wewe ndiye unayefagia."

"Niliona." Mbeyu alianza kulia. "Niliona, nikajidanganya. Lakini nilisikia kijiko! Kila alfajiri nilikusikia ukikoroga sukari."

Wakesho akamsogezea kikombe. "Onja."

Mbeyu akaonja. Ilikuwa chai chungu, kama yake.

"Nilikoroga ili usijue," alisema Wakesho. "Nilikuwa nasikia cha kwako, nikasema, mwenzangu anakunywa chai tamu, nisimharibie asubuhi yake. Siku moja nilitaka kuja kwako nikulilie. Nilifika mpaka kwenye kamba ya nguo. Nikakusikia, ting ting. Nikarudi."

"Sisi tumemaliza sukari tangu mfungo wa Ramadhani."

"Wewe!"

"Haki ya Mungu. Na cherehani hakikwenda kwa fundi."

Wakatazamana. Wakesho akataka kucheka, kicheko chake kile cha mwili mzima, lakini kilipotoka kilikuwa kilio. Ndipo Mbeyu alipomweleza habari za mwalimu, miezi sita mbele, chumba kimoja, sufuria moja. Wakesho alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafumba macho.

"Ingetosha," alisema polepole. "Kodi ile ingezishika nyumba zote mbili mpaka mwaka ugeuke. Mama Kache, tungezishika zote mbili."

Walikaa kizingitini mpaka jua likawafikia miguuni. Kisha Wakesho akasimama, akajipangusa uso kwa ncha ya leso. "Yangu imekwisha kwenda. Yako bado. Vaa viatu, twende kwa mwalimu."

Angalieni jambo hilo, wajukuu wangu. Karatasi ya mnada haijakauka mlangoni pake, naye anakwenda kuombea nyumba ya mwingine. Ni Wakesho aliyezungumza siku ile, Mbeyu hakuweza. Mwalimu Randu alisema yeye ameshalipia kwake, lakini walimu wawili wa shule yake wanatafuta vyumba. Mbeyu na Kahindi na watoto wakahamia sebuleni, wakawapa walimu vyumba vyote viwili, na Kahindi akawa anaoka mikate uani kwenye oveni ya pipa. Kwa shida, mwezi kwa mwezi, benki ikalipwa.

"Bakini nasi hapa sebuleni," Mbeyu alimsihi Wakesho siku ya kuhama. "Tutabanana."

"Mko watano na magodoro mawili. Na ukimtoa mwalimu mmoja unipe chumba, chumba nitakacholala mimi hakitailipa benki. Usiwe mjinga." Wakesho akampa bakuli lake la sukari, tupu, limeoshwa vizuri. Akaondoka na watoto kwenda kwa kaka yake milimani Taita. Mwakio akabaki kwenye mawe yake.

Mwaka mzima upande ule wa ukuta ulikaa kimya. Walionunua kwa mnada hawakuwa watu wa kuamka mapema.

Nauli ilipopatikana, Mbeyu alikwenda. Alimkuta Wakesho amekonda, anakaa kwenye chumba cha udongo nyuma ya nyumba ya kaka yake, anapalilia kabeji za watu. Mbeyu alitoa kikapuni kilo mbili za sukari na lile bakuli. Wakesho akapika chai, akalijaza bakuli, akaliweka wazi katikati ya vikombe viwili.

"Tazama kwanza," alisema, "ndipo ukoroge."

Wakanywa. Ilikuwa tamu, lakini hakuna aliyeimaliza upesi.

"Bado nagonga, unajua," alisema Wakesho. "Kila alfajiri. Upande wa pili wa ukuta huu ni mbuzi wa kaka. Hajajibu hata siku moja."

"Labda naye hana sukari."

Wakesho akacheka, na safari hii kilikuwa kicheko chenyewe, mwili mzima. Alipomsindikiza mgeni wake mpaka barabarani, alimshika mikono yote miwili na hakutaka kuiachia.

"Usinitumie salamu kwa watu, Mama Kache. Wakikwambia Wakesho hajambo, anacheka, usiwaamini. Nawe wakiniambia hujambo, sitawaamini. Tuliaminiana kwa masikio, tukapoteza nyumba. Mlio wa kijiko si sukari. Uje tena, mwenzangu. Uje unione."