Mafiga Mbele ya Boma la Mtemi

Sogeeni, sogeeni mpaka magoti yagusane. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Mwenye neno alimeze kwanza, atalitema mwishoni, maana mwishoni mtaulizwa. Mmenyamaza? Haya.

Katika nchi ya Mtemi Kilatu palikuwa na watu watatu. Wa kwanza Kalunde, mjane, na karama yake ilikuwa moja tu: akikaa mahali haondoki. Watu walisema, "Kuliko kumng'oa Kalunde, bora ung'oe kisiki cha mninga." Wa pili Ngasa, mhunzi, ambaye chuma kiliutii mkono wake kama ng'ombe anavyomtii mchungaji. Wa tatu Mbula, jirani yake Kalunde. Huyu alikuwa na sikio. Watu walimweleza mambo ambayo hata waume zao hawakuyajua, naye hakudakia, hakupeleka kokote.

Kalunde alikuwa na wana wawili, Shoma na Msonde. Mtemi akaamuru vijana wachimbe kisima cha boma. Shoma akawa chini, Msonde akawa juu ameshika kamba. Udongo ukaporomoka. Walimzika Shoma jioni, na alfajiri mpiga ngoma wa mtemi akapita: "Kazini! Kazini! Kisima hakijai kwa machozi!"

Msonde akaenda kuchimba palepale alipofia nduguye. Taratibu akaacha kula, akaacha kulala, akawa anazunguka na kamba mkononi akiwaita watu wamsaidie kuvuta. Wapo waliocheka. Siku alipomfunga mnyampara kamba kiunoni akimwambia, "Vuta na wewe!", wakamkamata. Sheria ya mtemi ilikuwa fupi: aliyerukwa na akili afungwe gogo mguuni kwa pingu ya chuma, nyuma ya boma, mpaka apone. Hakuna aliyewahi kupona pale. Walitoka wakiwa wamefunikwa mkeka.

Kalunde alipokwenda kumwona, mguu ulikuwa umevimba umepasuka.

"Mayu," Msonde akamwambia mama yake, "nimeshika kamba. Usiniambie niiachie."

Kalunde hakulia. Alirudi nyumbani, akang'oa mafiga yake matatu, akayatia kapuni, akayabeba. Akayapanga mbele ya lango la boma, akawasha moto, akateleka chungu.

"We mama!" mnyampara akafoka. "Hapa bomani, si jikoni kwako."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Huko nyuma."

"Basi ndipo jikoni kwangu. Mzazi hapiki mbali na mwanawe."

"Ondoa mawe haya!"

"Ondoa wewe. Piga teke."

Mnyampara akainua mguu, akaushusha. Katika nchi ile mtu hapigi teke figa lenye chungu, hata la adui yake. Anayethubutu huhesabiwa ameuzima moto uliomlea yeye mwenyewe. Na Kalunde alihakikisha chungu hakitoki jikoni, mvua inyeshe, jua liwake.

Kesho yake akaja mwanamke mwingine na mafiga yake. Yeye mumewe alikuwa kwenye gogo. Akaja mwingine, amemficha binti yake uvunguni asije akachukuliwa. Wakaja na wasio na mgonjwa. Moshi ukajaa bomani, mtemi akawa anatoa hukumu huku anajifuta macho.

"Angalau analia," akasema Kalunde. "Sisi alitukataza."

Wanawake wakacheka mpaka kicheko kikafika kwa mtemi. Akakasirika, akamtuma mnyampara kwa Ngasa: zifuliwe pingu nyingine, za wanawake hawa.

"Kamwambie mkono umechoka," Ngasa akajibu.

"Umechoka na nini?"

"Na yeye."

Akachukua nyundo na patasi, mchana kweupe, akapita katikati ya mioto ile. Pingu zote za boma alizifua yeye, na alikuwa hajawahi kwenda kuziangalia zikiwa miguuni mwa watu. Aliikata ile ya Msonde kwanza, akaendelea na za wengine.

"Tutakufunga wewe!" askari wakapiga kelele.

"Kwa pingu za nani?"

Wakatazamana. Mhunzi alikuwa mmoja.

Msonde akasimama. Watu wakapiga vigelegele, lakini yeye akaenda moja kwa moja kisimani, akasimama ukingoni, ameinamia shimo. "Mshikeni!" watu wakapiga kelele. Kalunde, yule kisiki, akainuka penye mafiga yake.

Mbula hakumshika. Alikwenda akaketi ukingoni karibu naye.

"Kamba nzito, baba?"

"Nzito."

"Chini yuko nani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Akasema. Alisema mpaka kivuli kikahama. Kwamba asubuhi ile Shoma alilalamika udongo umelegea. Kwamba yeye alimwambia mnyampara, na mnyampara akajibu, "Mtemi anataka maji, hataki maneno." Kwamba alivuta.

"Uliiachia?" Mbula akauliza.

Msonde akaitazama ile kamba. "Ilikatika," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Haki ya Mungu, ilikatika." Akalia, akaiweka kamba chini, akarudi nyuma kutoka ukingoni.

Mtemi alikuwa amesimama pale, amesikia yote. "Nimewasikia," akasema.

"Mafiga hayang'olewi kwa kusikia," akajibu Kalunde.

Basi mtemi akaamuru: magogo yachomwe. Msiba upewe siku zake, ngoma ya kazi isipite nyumba yenye kilio. Ijengwe nyumba, aliyerukwa na akili akae humo na ndugu zake, chakula kitoke ghala la boma. Na barazani kiwekwe kigoda cha mtu mmoja wa kuwasemea wagonjwa hao, ambaye hata mtemi hawezi kumnyamazisha.

"Kigoda ni kimoja. Chagueni."

Wapo waliosema ni Kalunde, bila moto wake nani angethubutu? Wengine wakasema ni Ngasa, moshi haukati chuma. Wengine wakasema ni Mbula, bila yeye mngekata chuma kisha mkamzika Msonde kisimani.

Msonde akainua kichwa. "Na mimi? Ninyi nyote mlikuwa nje ya gogo. Niliyekuwa ndani ni mimi."

Hapo uchaguzi ukakwama. Mpaka leo.

Kilatu alipokufa, mwanawe alirithi boma na ngoma. Mtoto wa Ngasa alirithi nyundo, na kiapo cha kutofua pingu. Binti wa Mbula alirithi sikio. Mafiga ya Kalunde aliyarithi Msonde, akawa mpishi wa nyumba ile. Kigoda hakikurithiwa, maana hakijakaliwa. Na mtemi mpya anakipenda hivyo hivyo, kitupu, kisichosema neno.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hajui. Je, wewe ungemkalisha nani?