Toroli Lisilotaka Kusimama

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Asiyejua akauliza, aibu yake ni ya kitambo; asiyejua akanyamaza hujifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Dobi mmoja wa hotelini aliujua ukweli huo baada ya kuupinga kwa muda mrefu.

Dobi huyo alikuwa mama wa makamo, aliyeacha shule baba yake alipofariki. Mchana kutwa alisukuma toroli la mashuka hadi chumba cha kufulia, ambamo mvuke ulifanya kila kitu kionekane kama kinaelea. Jioni alihudhuria darasa la watu wazima. Alitamani kusomea upigaji wa picha za eksirei, na bila kufaulu fizikia ndoto hiyo ingebaki ndoto. Wenzake walimpachika jina la Bibi Kimya, maana darasani alitulia kama maji mtungini.

Siku moja mwalimu alifundisha kuwa kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kilicho katika mwendo huendelea kwa kasi ileile na kwa mstari ulionyooka, mpaka kani fulani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, ikiingilie. Bibi Kimya aliandika, lakini moyo wake ulikataa. Matoroli yote aliyowahi kuyasukuma yalisimama mara tu alipoyaachia. Hata hivyo alikariri kama kasuku. Jaribio lilipokuja, alianguka vibaya, akamwambia mumewe kwamba anaacha masomo.

Mumewe, seremala mpole, alimuuliza kwa nini hakumwendea mwalimu. Akajibu kuwa aliogopa kuchekwa.

"Kicheko kitakwisha kabla hujafika nyumbani, mke wangu," seremala alisema. "Hilo usilolijua ndilo utakalolala nalo."

Kesho yake kazini, ukumbi mrefu ulikuwa umetoka kupigwa deki, sakafu ingali na povu. Toroli lilimponyoka. Likateleza bila sauti, likipita madirisha, likiingia kwenye mwanga na kutoka, jeupe kama wingu lililopotea njia. Bibi Kimya alisahau kulikimbilia. Alitamani lisisimame kamwe. Lilipofika kwenye zulia, likatulia. Naye akabaki na swali lililomwasha kama upupu.

Jioni hiyo alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kitabu kinasema kitu huendelea na mwendo. Mimi nikiliachia toroli, linasimama. Sasa mwongo nani, kitabu au toroli?"

Darasa liliangua kicheko. Masikio yake yakawaka moto, lakini hakuketi. Mwalimu hakucheka. Alimgeukia mwanafunzi mmoja aliyekuwa karani, hodari wa kujibu, akamtaka aeleze. Karani aliitaja kanuni neno kwa neno, kisha akakwama. Akakiri kwamba naye alikariri tu. Vicheko vikanywea.

Mwalimu akaeleza kuwa toroli halisimami lenyewe: sakafu hulishika, zulia hulishika zaidi, hata hewa hulizuia kidogo. Huo ndio msuguano. Akawataka wafumbe macho.

"Ondoeni sakafu inayoshika. Ondoeni hewa. Sasa lisukumeni toroli, mliachie. Nani atalisimamisha?"

Nyuma ya kope zake, Bibi Kimya aliliona toroli likitoka mlangoni, likapita juu ya mapaa, likaingia kati ya nyota likiwa na mashuka yake meupe, halipungui mwendo, halina haraka.

"Hakuna," alinong'ona. "Litakwenda tu."

Tangu jioni hiyo maswali yalimiminika darasani, mengine ya karani. Waliuliza kwa nini toroli lililojaa ni gumu kusukuma kuliko tupu, na kwa nini mtu akiusukuma ukuta huhisi ukuta nao unamsukuma. Mtihani wa mwisho ulipofika, Bibi Kimya aliandika kama anayesimulia jambo aliloliona kwa macho yake.

Matokeo yalipobandikwa, alikuwa amefaulu vizuri. Karani, aliyepenya kwa shida, alimfuata akamshika mkono.

"Dada, nami nilikuwa sijui, sawa na wewe," alisema, "ila nilikosa ujasiri wako."

Bibi Kimya alitabasamu huku machozi yakimlengalenga, akaenda kumpasha mumewe habari. Hakika, kuuliza si ujinga.