Shanga za Mbeyu Zilizokataa Kugawanyika

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, na aliye mbali asikie.

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja, kila mwanamke alitia shanga katika kikapu cha bibi harusi. Kisha shanga zikatungwa katika nyuzi zenye idadi sawa. Ikibaki hata shanga moja, harusi inangoja mavuno mengine. Kupunguza ni kumkataa aliyetoa. Kuongeza, kikapu kikishafunikwa, ni mwiko.

Mwaka huo bibi harusi alikuwa Mbeyu. Kikapuni mlikuwa na shanga elfu mbili mia tano ishirini na moja. Mbeyu alizihesabu mara tatu, maana moyo haukumtulia.

Wanawake wakatunga nyuzi mbili. Chwa, chwa, chwa. Ti! Ikabaki moja.

Nyuzi tatu. Chwa, chwa, chwa. Ti! Ikabaki moja.

Nne, tano, sita, saba, nane, tisa, hata kumi. Ti! Moja, moja ileile.

"Mkwe wetu ana shanga kaidi," akasema shangazi wa bwana harusi. "Tutaonana mavuno yajayo."

"Mbona unasema kwa furaha kama aliyepona jino?" akajibu mama yake Mbeyu.

Mbeyu alibeba kikapu hadi kwa Bibi Nyamvula, msuka mikeka, bingwa wa hesabu.

"Bibi, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Kaa tuhesabu."

Wakahesabu siku tatu. Kwa kumi na moja, zikabaki mbili. Kwa kumi na tatu, zikabaki kumi na mbili. Wakaenda, wakaenda, hata hamsini. Hakuna fungu lililokubali.

"Tujaribu hamsini na moja," akasema Mbeyu.

"Ya nini, mjukuu wangu? Nyuzi zikizidi hamsini, shanga za kila uzi hazifiki hamsini. Na idadi zote hizo, toka mbili, zimeshatukatalia."

Mbeyu akainamisha kichwa. "Basi siolewi mwaka huu."

"Kwani mlianzia nyuzi ngapi?"

"Mbili, Bibi. Watu wote huanzia mbili."

"Na uzi mmoja mlimwachia nani?"

Mbeyu akazitazama shanga. Kisha akacheka, akacheka mpaka machozi. Wakasokota uzi mmoja, mrefu kupita ua. Chwa, chwa, chwa, toka asubuhi hadi alasiri. Mbeyu akasikiliza ile ti ya shanga inayobaki. Haikuja.

Siku ya harusi shangazi akashika ncha moja, mama yake Mbeyu akashika nyingine, wakamzunguka Mbeyu mpaka wakagongana mabega.

"Nyuzi ngapi?" wakauliza wazee.

"Mmoja," akasema Mbeyu.

"Zimebaki shanga ngapi?"

"Hakuna."

Ngoma ikalia.

Ndiyo maana Bibi Nyamvula anakumbukwa hadi leo. Wanangu, kitu kikikataa kugawanyika, msikiite kibaya. Tazameni kwanza kama kinawataka wote pamoja.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeipenda aichukue nzima.